Fisi Mtunza Simu na Mama Siwatu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nani?
— Pakawa mama na mwana!
Na katikati yao?
— Simu!

Ehee! Sogeeni basi. Na wewe wa mwisho funga mlango, mambo ya watu haya.

Hapo kale, lakini kale ya juzijuzi tu, Digidigi alikaa nyikani na binti yake mmoja, Siwatu. Baba mtu alishavuka korongo kufuata mke mwingine, mwenye miguu mirefu. Mimi sisemi kitu! Kha kha kha! Wakabaki wawili. Siku ya siku Siwatu akapata simu, na simu ikammeza mzimamzima.

Mama akisema, "Siwatu, chakula tayari."

"Hmm."

"Siwatu, leo kisimani kuna nyoka, nusura aniume!"

"Hmm."

"Siwatu, mama yako amekufa."

"Sawa, mama."

Jamani! Ikawa Mama Siwatu anapika huku anaongea na sufuria. Sufuria nayo inamjibu, tokoto, tokoto, tokoto. Angalau. Nyumba ina watu wawili, na mama anakaa peke yake. Afadhali mjane, mjane anajua hana mtu.

Naye Fisi, yule jirani tumbo mbele, akasikia habari hizo. Akatangaza nyika nzima: "Wazazi wenye watoto wasiosikia! Leteni simu zao kwangu nizitunze. Malipo chakula cha jioni tu!"

Mama Siwatu akainyakua simu, akampelekea, na sufuria ya maharage juu. Fisi akala maharage, akalamba sufuria, akalamba na mfuniko. Simu akaining'iniza shingoni.

Mama akarudi mbio, moyo mweupe: leo nitaongea na mwanangu! Kufika, Siwatu hayupo. Kaifuata simu! Mama akageuka, mbio tena, akamkuta mtoto kajikunyata mlangoni kwa Fisi, anaitazama simu inavyobembea.

"Siwatu, twende nyumbani."

"Siendi bila simu yangu."

Fisi akacheka. "Mwache tu, shemeji. Mwache alale hapa. Kesho utamkuta kabadilika kabisa." Huku mate yanamtoka, chururu, chururu.

Moyo wa mama ukapiga pu! Akajua kubadilika kwenyewe ni kuwa mifupa. Kumpiga Fisi hawezi. Kumbeba binti anayerusha mateke hawezi. Atafanyaje, mtu mwenyewe hafiki hata goti la Fisi?

Akakaa chini, akapumua, akatoa sauti tamu. "Sawa, Mzee Fisi. Ila nakuonea huruma. Nyama yote iliyomo humo ndani, na wewe umeivaa kama kengele?"

"Nyama? Iko wapi nyama?"

Sasa mama huyu, siku zote hizo alikuwa anakaa nyuma ya mgongo wa mwanawe, anachungulia. Angefanya nini kingine? Kwa hiyo alijua kidole kinapita wapi. Fisi akainama, mama akabonya hapa, akabonya pale, likatokea kiooni paja la mbuzi, linachomwa, mafuta yanaruka chwaa!

Fisi akaliweka puani. "Mbona silinusi?"

"Bado bichi hilo. Telezesha kidole, lililoiva linafuata."

Fisi akatelezesha, swii! Mbavu. Akatelezesha, swii! Utumbo. Swii! Makongoro.

"Moja tu la mwisho," Fisi akasema. Swii! "Hili ndilo la mwisho kabisa." Swii!

Siwatu akasimama. "Babu Fisi, nirudishie simu yangu."

"Hmm."

"Babu Fisi, nina njaa."

"Hmm."

"Babu Fisi, naondoka! Sirudi!"

"Sawa, sawa."

Mtoto akamwangalia. Macho yapo, mwenyewe hayumo. Akamgeukia mama yake, sauti imekuwa ndogo. "Mama, mbona kama sipo?"

Mama alikuwa na la kusema, jamani, lilimjaa mpaka hapa! Akalimeza. Akasema, "Twende, mwanangu."

Wakapita mbele ya pua ya Fisi, polepole. Hata sikio halikumcheza.

Njiani Siwatu akauliza, "Mama, yule nyoka wa kisimani ilikuwaje?" Weee! Mama akasimulia mpaka nyoka akawa chatu! Kha kha kha!

Huko nyuma Fisi akatelezesha mpaka simu ikazima, ti! Akainua kichwa. Sufuria tupu. Mlango wazi. Mtoto hayupo. Tumbo limegusana na mgongo. Akaita, "Uuuu-wi! Kuna mtu?" Kimya. Kila mmoja yuko kwake, anakula na wake. Mpaka leo Fisi anaita vilevile, na hakuna anayemwitikia. Mimi nikimsikia huwa nacheka. Halafu kidogo, sicheki.

Funzo sasa, wazazi mnisikilize! Mtoto akikushinda kwa simu, usimkanye, usimchape, wala usikae naye mkaongea, utachoka bure. Tafuta fisi mwenye njaa, simu umpe yeye. Kama mtaani kwenu hakuna fisi, hilo mtajua wenyewe.

Ngano nimeitua hapo. Mwenye mgongo aibebe aende nayo kwao.