Njia ya Ramani Haivushi Tope

"Njia ya ramani haivushi tope." Fundi mmoja alimrushia mwenzake maneno hayo kazini, na vijana walioketi na Mzee Mligo, mwashi mstaafu, wakacheka bila kujua wanacheka nini. Wakamuuliza msemo huo umetoka wapi.

"Umezaliwa hapa hapa mnapokanyaga," akasema. "Tulieni niwaambie ulivyozaliwa."

Mtaa huu ulipokuwa bado shamba la mahindi, ulinunuliwa na Gaudensi, mtu hodari wa maneno, akataka kujenga nyumba ishirini za kuuza. Halmashauri ikampa kibali kwa sharti moja: kila upande wa barabara iwepo njia ya waenda kwa miguu, ya zege, upana mita moja na nusu, tena iwe tayari kabla mtu yeyote hajahamia. Gaudensi akakubali haraka. Akatafuta mchoraji, njia ikachorwa kwenye ramani kubwa kama shuka, ikapakwa rangi ya kijani, na miti ya kivuli ikaongezwa hapa na pale. Kisha akaanza kujenga, na kila alipopima kiwanja alimega kidogo kwenye njia, mpaka kuta zikafika barabarani na nyumba ishirini zikawa ishirini na mbili.

"Njia ipo," alimjibu kila fundi aliyeuliza, huku akiigonga ramani kwa kidole.

Kilichomnyima usingizi ni mama mkwe wake, Mama Sekunda. Kwa miaka kumi na minane mama huyo hakuwahi kulala nyumbani kwa Gaudensi hata usiku mmoja. Alisema binti yake ameolewa na mdomo mtupu. Jambo hilo lilimuuma Gaudensi, na mkewe lilimliza kila Krismasi. Safari hii akamtengea mama nyumba ya kwanza, bure kabisa, na mama, baada ya kusihiwa na ukoo mzima, akakubali kuja kuiona.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Udongo wetu mwekundu mnaujua, ukishika kiatu hauachii bila mazungumzo. Siku yenyewe gari lilishindwa kuingia, likamshusha Mama Sekunda mwanzo wa barabara, na vitenge vyake vipya na viatu vyeupe. Akatazama kulia, ukuta. Kushoto, ukuta. Akaingia katikati, akapiga hatua tatu, ya nne ikagoma.

Gaudensi akatimua mbio kumwokoa, kisha akafunga breki hatua mbili kabla ya kumfikia. Kwetu mama mkwe hashikwi mkono, seuze kubebwa! Mkewe alikuwa ndani ya nyumba ya kwanza akipika wali wa mapokezi, hasikii kitu. Na aliyetokea wakati huo ni Bi Tumpe, afisa wa mipango miji, amevaa mabuti ya mpira, amekuja kukagua.

"Njia ya waenda kwa miguu iko wapi?" akauliza.

Gaudensi akaikunjua ramani kama alivyozoea. "Hii hapa, dada. Ya kijani. Tena ina miti."

Mama Sekunda akageuza shingo. "Kumbe ipo?"

"Ipo, mama. Mita moja na nusu."

"Basi itandike, mkwe wangu, nipite."

Gaudensi akacheka kidogo. Mama hakucheka.

"Miaka kumi na minane unaniambia ipo, ipo. Leo nataka kuikanyaga."

Akaitandika. Mama akaung'oa mguu, akaukita juu ya rangi ya kijani. Ramani ikazama, tope likapanda kwenye miti, na sasa akawa amenasa miguu yote miwili.

"Umeona?" akasema. "Njia ya ramani haivushi tope."

Bi Tumpe akamvuta hadi akatoka, kiatu kimoja kikabaki huko huko. Akaiokota ramani, akautazama unyayo. "Muhuri wangu wa kukataa hauhitajiki," akasema. "Umeshapigwa."

Mama akarudi kwake bila kuonja wali. Gaudensi akabomoa nyumba mbili, akarudisha kuta nyuma, akachanganya zege kiangazi kizima, mimi nikimshikia kamba ya kupimia. Masika yaliyofuata Mama Sekunda akaja tena. Akaitembea njia yote mvuani, upande huu na ule, mkwe wake akimfuata kwa mbali na roho mkononi. Mlangoni akavua viatu. Vilikuwa vyeupe.

"Nimechoka kutembea," akasema. "Nitandikieni kitanda."

Gaudensi alilia waziwazi, siwafichi. Na tangu hapo, fundi akimwambia kazi imeshaandikwa kwenye mchoro, ni yeye mwenyewe anayemjibu: "Njia ya ramani haivushi tope."