Bendera ya Saluni

Msusi Sikudhani alipanga chumba cha Bwana Lukwaro, mgombea udiwani. Wiki mbili kabla ya uchaguzi, Lukwaro alimletea bendera ya chama chake.

"Itundike mlangoni, wateja wajue unaamini nini. La sivyo, hama."

"Naitundika sasa hivi, baba," alisema Sikudhani, akavuta stuli. "Ila mke wa mpinzani wako husukwa hapa kila Jumamosi, kutwa nzima. Akiiona, si atafunga mdomo?"

Lukwaro alishusha sauti. "Kwani husema nini?"

"Ya nyumbani kwao yote."

Lukwaro aliikunja bendera mwenyewe. "Mwanangu, wewe huna chama. Umesikia?"

Jumamosi, mke wa mpinzani alikuja na bendera yao.

"Naitundika sasa hivi, mama," alisema Sikudhani. "Ila mke wa Bwana Lukwaro husukwa hapa kila Jumanne."