Bangili ya Bi Zamoyoni

Sogeeni karibu, na nyinyi mlio mlangoni ingieni ndani. Kisa hiki hakina jini wala mfalme. Kina mama mmoja, mabinti zake watatu na bangili moja, na kikifika mwisho nitawahitaji mnisaidie.

Palikuwa na mama akiitwa Zamoyoni, mkaazi wa shamba la mkonge nje ya mji wa Tanga. Mungu alimjalia mabinti watatu, na kila binti alimpa kipawa chake. Chausiku, wa kwanza, alipewa macho. Alikuwa fundi cherehani, na akikitazama kitambaa mara moja tu anakwambia kitachuja au hakitachuja, kabla hakijaguswa na maji. Siwema alipewa masikio. Aliuza vyungu sokoni, na chungu chenye ufa usioonekana alikijua kwa kukigonga na kidole. Mwanamvua, kitinda mimba, alipewa mikono. Alikanda wanawake waliotoka kujifungua, alikanda walioteguka, na mtoto mwenye msokoto wa tumbo akilazwa mapajani mwake alinyamaza.

Na palikuwa na Bi Mosi, mdogo wake Zamoyoni. Yeye hakuwa na kipawa chochote cha kutajwa, lakini mzigo wa kisa hiki ulimwangukia yeye.

Zamoyoni alisimama kiwandani miaka thelathini na moja, kwenye mashine ya kusugua nyuzi za mkonge. Wanawake wa mashine ile walikatazwa pete na bangili, maana mashine ikikamata pete hukamata na kidole. Hata siku Chausiku alipoolewa, mama wa bibi harusi alikaa na mikono mitupu, akasema kashazoea. Alipostaafu, figo zikaanza kumsumbua. Miguu ikavimba, kisha mikono.

Siku moja walikuwa barazani yeye na Bi Mosi, wakichambua mchele.

"Mosi, nataka bangili."

"Ya dhahabu?"

"Ya lile jiwe la kijani, jade. Mke wa meneja alikuwa nayo, zile siku akija kutugawia sabuni. Jiwe tupu, duara, halina kifungo."

Bi Mosi akacheka. "Uzee wote huu, Dada?"

"Kijani kimenichoma maisha yangu yote, Mosi. Miiba yake, maji yake yanayowasha. Nataka kijani kisichochoma, nikivae mimi mwenyewe, kabla sijafa."

Bi Mosi akaacha kucheka.

Wakaenda mjini wote watano. Muuzaji wa vito, mzee mpole aitwaye Bwana Jivan, akatandika kitambaa cheupe, akapanga bangili kumi na mbili. Zamoyoni hakungoja. Alinyoosha kidole kwenye ile iliyong'aa kupita zote, kijani kibichi kama jani la mgomba baada ya mvua.

"Hii hapa."

Chausiku akaichukua, akaenda nayo mlangoni penye jua. Akaigeuza huku, akaigeuza kule. "Hapana, mama. Tazama hapa kwenye vimishipa vyake, rangi imejikusanya kama hina kwenye magaga ya mguu. Hili jiwe limetiwa rangi. Mwaka hauishi litakuwa kama maji ya mchele."

Bwana Jivan hakubisha. Alisema kweli zile ni za bei rahisi, na rangi zimetiwa. Chausiku akarudi kwenye kitambaa, akaondoa moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki tatu. Hizo kijani chake kilikuwa kimepoa, chenye mawingumawingu ndani. Zamoyoni akazitazama, halafu akasema, "Ndizo. Ile ya mke wa meneja ilikuwa hivi."

Akataka kuchukua ya kwanza. Siwema akamshika mkono.

"Subiri, mama. Bwana Jivan, nipatie uzi."

Akaipitisha bangili kwenye uzi, ikaning'inia, akaigonga kwa sarafu. Ikatoa mlio mfupi, ko, ukafa hapohapo.

"Ina ufa," Siwema akasema.

Chausiku akainama. "Ufa uko wapi? Mimi siuoni."

"Hutauona. Sikiliza." Akaigonga tena.

Akagonga ya pili, nayo ikalia vilevile. Ya tatu ikalia nyembamba na ndefu, mpaka mpita njia akageuka barabarani. Bwana Jivan akatoa kioo chake cha kukuzia, akaichunguza ile ya kwanza, kisha ya pili, akazirudisha sandukuni. Alipoulizwa akajibu, "Ufa wa unywele, mama. Hata mimi sikuujua. Ukiigonga kwenye sufuria inapasuka, na vigae vya jiwe hili hukata kama wembe."

Basi Zamoyoni akaichukua ile ya tatu. Akaiweka shavuni, akafumba macho kwa ule ubaridi wake. Kisha akajaribu kuivaa, na bangili ikagoma kwenye vifundo vya vidole. Akasukuma. Mkono ulikuwa umevimba kama unga uliotiwa hamira. Bangili kubwa kuliko ile hazikuwepo, ila zile za kutiwa rangi.

"Nimechelewa," akasema.

Bi Mosi anakumbuka sauti ile kuliko mambo yote ya siku ile. Zamoyoni aliinunua hivyohivyo, akarudi nayo ndani ya kiboksi, akaiweka chini ya mto.

Ndipo Mwanamvua, aliyelala chumba kimoja na mama yake, aliposema, "Niachie siku nne, mama."

Asubuhi na jioni aliuinua mkono wa mama yake juu ya mito, akaupaka mafuta ya nazi ya uvuguvugu, akaukanda kutoka ncha za vidole hadi kwenye kiwiko, taratibu, kama anayekamua tui asitake kumwaga hata tone. Siku ya nne uvimbe ulikuwa umepungua. Akauvika mkono mfuko laini wa nailoni, akapaka sabuni, akakibana kitako cha kidole gumba kuelekea kiganjani. "Vuta pumzi, mama. Haya, ishushe." Bangili ikapita. Zamoyoni akalia, wakadhani ameumia. Akatikisa kichwa, akawa anautazama mkono wake kama mkono wa mgeni.

Akaivaa wiki saba. Alikoroga uji kwa mkono mwingine, asiigonge. Wenzake wa kiwandani walikuja kumjulia hali, akawanyooshea mkono kabla hawajakaa, na kila mmoja akaligusa lile jiwe kwa kidole. Akilala, mkono ule aliuweka chini ya shavu.

Wiki ya saba hakuweza tena kuamka. Asubuhi moja Bi Mosi alikuwa peke yake naye, anamnywesha maji kwa kijiko.

"Mosi. Hii bangili, mpe binti aliyenipa."

"Yupi, Dada? Wako watatu."

Zamoyoni akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa jambo dogo. "Anajijua."

Bi Mosi akafikiri atamwuliza tena akishapumzika. Kabla ya adhuhuri dada yake alikuwa amekata roho.

Walipomwosha hapakuhitajika sabuni wala mafuta. Siku za mwisho uvimbe ulishuka wote, ukabaki mfupa, na bangili ikateleza yenyewe hadi kiganjani mwa Bi Mosi. Akaifunga kwenye leso yake. Mwanamvua, aliyekuwa akimwaga maji, akaona, akageukia ukutani.

Siku ya arobaini, khitima ilipokwisha na watu wakaondoka, Bi Mosi aliwaita mabinti watatu, akawaeleza maneno ya mama yao kama yalivyokuwa. Shehe wa msikiti alikuwepo. Akasema mali ya marehemu ni ya warithi wote, wala mrithi hapewi wasia peke yake, ila wenzake wakiridhia. "Mkiridhiana, apewe mmoja. Msiporidhiana, iuzwe, kila mmoja apate haki yake."

"Iuzwe?" Chausiku akasema. "Aivae nani huko? Haiuzwi." Na kwa hilo wote walikubaliana. Hilo tu.

"Alisema anajijua," Chausiku akaendelea. "Najijua. Mama alikuwa anavishwa jiwe lililotiwa rangi, nikamtoa. Bila mimi asingeiona hata hii."

"Ulimwachia tatu," Siwema akamjibu, "na mbili zilikuwa na nyufa. Alikwisha nyoosha mkono kwenye yenye ufa! Ingempasukia mwilini, dada. Leo tungekuwa tunazungumzia kidonda."

Wakamtazama Mwanamvua. Akasema chini kwa chini, "Mmechagua vizuri nyote. Mkamaliza, mkaenda zenu. Bangili ikabaki kwenye boksi, naye analia chini ya shuka, mimi ndiye niliyekuwa namsikia. Mama hakutaka bangili ya kwenye boksi."

"Kwa hiyo sisi tulimtupa?" Siwema akang'aka.

"Sijasema hivyo."

"Umesema!"

Bi Mosi akashauri wapokezane, mwezi kwa mwezi. Chausiku akasema mama yake si kinu cha kupokezana. Bi Mosi akashauri akae nayo yeye mpaka mioyo ipoe. Mioyo haikupoa. Chausiku alirudi kwake bila kuaga. Siwema akawakataza wanawe kwenda kwa mama yao mkubwa. Mwanamvua alibaki katika nyumba ya mama yao, na asubuhi anatandika kitanda kisicholaliwa na mtu.

Bi Mosi anaamini kila mmoja wao anasema kweli. Ndiyo maana hapati usingizi. Mara nyingine humkasirikia marehemu, halafu huona haya, akamwombea. Amejaribu kukumbuka kama dada yake alitazama upande gani aliposema "anajijua", mlangoni, dirishani au kitandani kwa Mwanamvua, lakini anachokumbuka ni kijiko tu, na maji yakimtoka pembeni mwa mdomo.

Sasa amewaita tena. Wanakuja Ijumaa baada ya sala, wote watatu, naye amewaahidi kwamba siku hiyo bangili itatoka kwenye leso na kuingia mkono mmoja.

Haya, mlionisikiliza. Yupo aliyeitofautisha na za bandia, yupo aliyeitofautisha na zenye ufa, na yupo aliyeiingiza mkononi. Mama alisema apewe binti aliyempa. Ijumaa si mbali. Kama leso ile ingekuwa mapajani mwako wewe, ungemfungulia nani?