Nakazwe na Mikuki ya Wafalme Wawili

Hadithi naileta.
*Ilete, tuipokee.*
Imetoka mbali, ina vumbi.
*Ipanguse, tuione.*

Basi fumbeni macho kidogo. Taratibu, hivyo hivyo. Oneni mgongo wa mlima, mwekundu kwa mawe ya chuma. Chini upande wa kulia kuna nchi kubwa. Chini upande wa kushoto kuna nchi kubwa nyingine. Na juu kabisa, katikati ya zile mbili, kuna kijiji kidogo chenye matanuru matatu ya udongo, marefu kuliko mtu, yanatoa moshi. Mmekiona? Haya, fumbueni, twende.

Hapo kale kijiji kile kiliitwa Kasinde. Nchi ya kulia iliitwa Itende, na mfalme wake alikuwa Mwene Lusunzu, mtu mnene, mwenye kicheko cha kutikisa vyungu. Nchi ya kushoto iliitwa Lusaba, na mfalme wake alikuwa Mwene Mpakasi, mtu mwembamba, msema kwa kunong'ona. Mwene ndivyo walivyomwita mfalme huko, nasi tutawaita hivyo, maana heshima haigharimu kitu.

Watu wa Kasinde walikuwa wahunzi. Hawakuwa na ng'ombe wengi, hawakuwa na mashamba mapana, hawakuwa na jeshi. Walikuwa na moto. Na mkuu wa moto ule alikuwa mwanamke, jina lake Nakazwe. Walimwita mama wa tanuru. Aliangalia rangi ya moto tu, akajua chuma kimeiva au bado. Mikono yake ilikuwa na alama za cheche hadi kwenye viwiko, kama mtu aliyenyunyiziwa mtama.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana hadithi hii imeikalia. Tanuru likishawashwa, Nakazwe alichota majivu akachora mstari kulizunguka. Ndani ya mstari waliingia Wakasinde peke yao, kwa siku saba. Mgeni haruhusiwi. Watu waliamini kwamba mgeni akikiona chuma kinapozaliwa, chuma hicho kitapasuka siku ya kazi. Wakulima waliamini, wawindaji waliamini, wafalme waliamini kuliko wote. Hakuna aliyewahi kuuvuka ule mstari.

Zamani Kasinde walifua majembe. Walifua mashoka. Walifua visu vya jikoni. Lakini mwaka mmoja Mwene Lusunzu aliagiza mikuki mia. Akaipanga ukutani, akaitazama, akalala vizuri.

Mwene Mpakasi akasikia. Hakulala. Akaagiza mikuki mia mbili. Akaipanga ukutani, akaitazama, akalala vizuri.

Mwene Lusunzu akasikia. Hakulala. Akaongeza yake ikawa mia tatu. Mpakasi naye akaongeza yake ikawa mia tatu. Mnauona mchezo huu? Mmoja akilala, mwenzake anakodoa macho. Sasa wote wawili walikuwa na mia tatu, na wote wawili walikodoa macho.

Na huko mashambani je? Huko watu walilima kwa vijiti. Kina mama walipanda mlima, jasho likiwatiririka, wakasema, "Mama wa tanuru, tupatie jembe, hata bovu."

Nakazwe akajibu, "Dada zangu, mikono yangu imejaa mikuki."

Wakarudi na vijiti vyao. Nakazwe aliwatazama wakishuka mpaka walipopotea, na moyo haukumpa raha.

Ndipo siku moja, mchana kweupe, akaja mtu mnene amejifunga shuka kuukuu kama mchuuzi wa ulezi. Lakini mchuuzi gani anahema hivyo kwa kupanda kilima?

"Karibu, Mwene," akasema Nakazwe. "Keti upumzike. Kuhema kwako kumefika kabla yako."

Mwene Lusunzu akavua shuka. "Umenijua. Basi nisikupotezee muda. Kuanzia leo Kasinde mnafua kwa ajili yangu tu. Mpakasi asipate hata sindano."

"Na tukikataa?"

"Ulezi ukivunwa, nitakuja na watu wangu niichome Kasinde. Nikikosa mimi, na yeye akose. Fikiri vizuri, mama. Nakupenda wewe, lakini usingizi naupenda zaidi."

Akajifunga shuka lake, akashuka.

Kesho yake akaja mtu mwembamba, amebeba mzigo wa mikeka kama mfanyabiashara. Mikeka yenyewe ameishika juu chini.

"Karibu, Mwene," akasema Nakazwe. "Mikeka hiyo huuzi, maana hujui hata kuibeba."

Mwene Mpakasi akanong'ona maneno yale yale. Mfue kwa ajili yangu tu. La sivyo, ulezi ukivunwa, nitaichoma Kasinde. Akashuka kwa njia yake.

Kijiji kikakutana. Simbeye, kaka yake Nakazwe, fundi wa nyundo mwenye kifua kama mlango, alisimama wa kwanza.

"Tuchague mmoja," akasema. "Tumchague mwenye nguvu."

"Nani mwenye nguvu?" akauliza Nakazwe.

"Lusunzu ana mikuki mia tatu."

"Na Mpakasi?"

Simbeye akajikuna kichwa. "Mia tatu."

"Basi kaka, sisi ndio tutakaomfanya mmoja wao awe na nguvu. Tukishamfanya, atatufanya nini? Atatuweka kizuizini hapa hapa mlimani, tufue mpaka tufe. Na yule mwingine atatuchoma. Mimi sichagui."

"Kwa hiyo tungoje kuchomwa?"

"Sikusema hivyo. Nimesema sichagui."

Wanawake wa mivukuto, wale wanaopuliza moto, waliposikia hivyo walianza wimbo wao wa kazi, polepole, wakipiga mapaja:

*Vukuta, mama, vukuta,*
*moto huu haukupigiwa magoti,*
*na wenyewe hatupigi magoti.*

Nakazwe akashuka Itende. Akamkuta Mwene Lusunzu anaitazama mikuki yake ukutani.

"Mwene," akasema, "makaa ya kufulia mikuki mipya hayapo. Miti ya mlimani tumeimaliza kwa ajili yenu. Lakini hii uliyo nayo naweza kuipiga upya, kila mmoja uwe mrefu zaidi kwa shubiri."

Macho ya mfalme yakang'aa. "Mrefu kuliko wa Mpakasi?"

"Shubiri nzima kuliko ulivyo leo."

"Yote mia tatu?"

"Ukileta yote, nitaipokea yote."

Lusunzu akashika kidevu. "Na yeye akijua kwamba sina mkuki hata mmoja nyumbani?"

"Atajuaje, Mwene? Tanuru likishawashwa hakuna mgeni anayevuka majivu. Mimi sitamwambia. Labda umwambie wewe."

Mfalme akacheka, vyungu vikatikisika. Hakuuliza kitu kingine.

Nakazwe akashuka Lusaba. Akamwambia Mwene Mpakasi maneno yale yale. Macho yakang'aa vile vile. Kidevu kikashikwa vile vile. Naye hakuuliza kitu kingine.

Wewe uliyekaa pale nyuma unatabasamu. Umeshajua? Nyamaza kwanza, waache wenzako wafike.

Siku ya tatu mizigo ikapanda mlima. Watu wa Itende walifunga mikuki yao ndani ya kuni, wakapanda kwa njia ya kulia. Watu wa Lusaba walifunga yao ndani ya kuni, wakapanda kwa njia ya kushoto. Kila mmoja aliyewatazama wenzake kwa mbali alisema, "Aa, wanawapelekea wahunzi kuni." Nakazwe akaipokea mizigo yote, akawasha matanuru yote matatu, akachora mstari wa majivu kuzunguka kijiji kizima. Kisha akasema, "Rudini siku ya saba, asubuhi."

Siku ya kwanza ya zile saba, kabla ya kazi, Simbeye aliipanga mikuki yote chini. Mikuki mia sita. Ililala kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, inametameta juani. Wakasinde wakasimama wakiitazama.

"Dada," akasema Simbeye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kule chini hakuna mkuki. Huku chini hakuna mkuki. Yote iko hapa. Wametuamuru miaka mingapi? Leo sisi ndio wafalme. Tushuke tuwaoneshe."

Wengine wakaitikia kwa kichwa. Msiwacheke. Nanyi pengine mngeitikia.

Nakazwe akainama, akaokota mkuki mmoja. Ulikaa vizuri mkononi. Aliufua mwenyewe, akaujua. Aliwafikiria wale wafalme wawili, jinsi walivyomwamuru yeye na moto wake, na kwa kitambo kidogo alitamani awaone wakipanda mlima kwa magoti. Alitamani sana. Kisha akajiona mwenyewe, amekaa mbele ya ukuta wenye mikuki mia sita, anasikiliza nje, anataka wa mia sita na moja.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka kulala, kaka. Lete koleo."

Moto ukawaka. Wanawake wakavukuta. Nyundo zikalia siku nzima, siku ya pili, siku ya tatu, mpaka ya sita. *Moto huu haukupigiwa magoti, na wenyewe hatupigi magoti.*

Siku ya saba asubuhi, Mwene Lusunzu akaja na watu mia tatu, mikono mitupu, tayari kubeba mikuki mirefu. Mwene Mpakasi akaja na watu mia tatu, mikono mitupu. Mmoja akatokea kulia, mmoja akatokea kushoto, wakakutana uso kwa uso kwenye mstari wa majivu.

"Unafanya nini hapa?" akauliza Lusunzu.

"Nimekuja kuchukua mali yangu," akanong'ona Mpakasi. "Na wewe?"

"Mali yangu."

Wakatazamana. Wakatazama mikono ya watu wao. Mitupu huku, mitupu kule. Ndipo kila mmoja akaelewa, na wote wawili wakamgeukia Nakazwe, aliyesimama mbele ya watu wake ndani ya mstari, mikono kiunoni.

"Umetuchezea," akasema Lusunzu, na safari hii hakucheka.

"Nimewatendea sawa, Mwene. Niliahidi kuipiga upya, nimeipiga upya." Akamrushia mkuki mmoja, akamrushia Mpakasi mwingine. Mirefu kweli, shubiri nzima. "Iegemeeni."

Lusunzu akaegemea. Mkuki ukajikunja kama jani la mgomba. Wa Mpakasi ukajikunja pia. Watu wa pande zote mbili wakaziba vinywa wasicheke.

"Chuma hakiongezwi na nyundo," akasema Nakazwe. "Ukitaka kirefuke, kinakonda. Mngeniuliza, ningewaambia. Hamkuuliza. Mlichouliza ni kama utakuwa mrefu kuliko wa mwenzako."

"Mingine iko wapi?"

Simbeye akafunua mikeka. Majembe. Marundo kwa marundo ya majembe, na pembeni marundo mawili madogo ya mikuki ya kawaida, minene, mizima.

"Simba bado wapo porini," akasema Nakazwe. "Mikuki hamsini kwako. Mikuki hamsini kwake. Mwene Lusunzu, hesabu ya Mpakasi. Mwene Mpakasi, hesabu ya Lusunzu. Hesabuni kwa sauti, watu wasikie. Na kila mwaka, siku kama ya leo, mtaipandisha hapa mhesabiane tena."

Mpakasi akanong'ona, lakini mnong'ono wake ulitetemeka kwa hasira. "Na nikiamua kuichoma Kasinde sasa hivi, kwa mkono huu?"

"Ichome," akasema Nakazwe. Hakurudi nyuma hata hatua. "Sisi miguu tunayo. Tutakimbilia kwa yule ambaye hakutuchoma, na huko tutamfulia mikuki mpaka wewe uombe ardhi ikumeze. Haya, nani anaanza? Moto si mnauona? Njooni mchukue kijinga cha moto."

Lusunzu akamtazama Mpakasi. Mpakasi akamtazama Lusunzu. Kila mmoja akanyoosha mikono kuwazuia watu wake wasiusogelee moto. Na hivyo, wanangu, wale waliokuja kuichoma Kasinde wakawa walinzi wake.

"Nina swali moja," akasema Nakazwe, na sasa sauti yake ilikuwa laini. "Siku saba hizi hamkuwa na mkuki nyumbani. Hata mmoja. Nani aliwavamia?"

Lusunzu akakohoa. "Mimi siku zote hizo sikulala. Nilidhani huyu anakuja."

"Mimi pia," akanong'ona Mpakasi. "Nilidhani wewe unakuja."

"Nije na nini?"

Hapo mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu, mpaka mlima wote ukacheka, na Lusunzu mwenyewe akacheka mpaka machozi. Mpakasi hakucheka. Yeye alikaa chini akaanza kuhesabu mikuki ya mwenzake, mmoja mmoja, kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza watu wake kumsikia akisema kwa sauti.

Ilikuwa hamsini. Na ile nyingine ilikuwa hamsini.

Watu mia tatu wakashuka kulia na majembe begani. Watu mia tatu wakashuka kushoto na majembe begani. Huko chini kina mama walivitupa vijiti. Sisemi kwamba wafalme wale walipendana. Hawakupendana hata kidogo. Lakini kila mwaka walipanda mlima, wakahesabiana kwa sauti, wakashuka wakalala.

Hadithi imeisha, jua halijaisha.
*Tumeshiba, tumeelewa.*
Iliyo tamu mle, iliyo chungu mniachie.
*Tunaichukua yote.*

Basi mkiichukua yote, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: siku ile Nakazwe alikuwa na mikuki mia sita mbele yake, na hakujiwekea hata mmoja.