Sungura Alipomfuata Fisi Kimyakimya

Mwaka mmoja mvua ilipita mbali na nyika ile kama mgeni asiyetaka salamu. Mito ikakauka, mabwawa yakawa vumbi, kikabaki kisima kimoja tu, nacho kilitoa maji kwa kuchungulia. Wanyama wakataka kupanga foleni, lakini Simba akakataa katakata.

"Mfalme hapangi foleni," alisema huku akitikisa manyoya yake.

Fisi alikuwa akingoja neno hilo. "Basi, mtukufu, zamu za maji tuzichezee karata. Kila mmoja apewe kokoto thelathini. Kokoto moja, zamu moja ya kunywa. Mwenye bahati atakunywa, asiye na bahati ajilambe midomo."

Simba, aliyejiona bingwa wa kila kitu, akakubali. Kobe, kwa kuwa hakuwahi kumdanganya mtu, akapewa kazi ya kugawa. Kila mchezaji alipata karata nne za siri, kisha karata tano zikafunuliwa juu ya jiwe bapa: tatu kwanza, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Aliyeshinda ni yule ambaye mbili kati ya nne zake, zikiungana na tatu za kwenye jiwe, zilikuwa bora. Kila karata zilipofunuliwa, mtu alisukuma kokoto katikati, na mwenzake alikuwa na njia tatu: kutupa karata zake, kufuata kwa idadi ileile, au kupandisha.

Fisi hakujua kufuata. Kwake ilikuwa kupandisha tu. "Pandisha! Ongeza! Hee-hee-hee!" Digidigi akatishika, akatupa karata nzuri hadi kokoto zikamwishia. Nungunungu naye akaenda hivyohivyo. Siku ya tatu Fisi alikuwa ameketi nyuma ya lundo la kokoto, tumbo limejaa maji linatikisika. Mchezoni walibaki watatu: yeye, Simba na Sungura.

Sungura alikuwa na kokoto thelathini tu, akizibania wanawe sita wasije wakakosa kabisa, na ndimi zilikuwa zimewakauka. Siku hiyo alipata tisa mbili, na kwenye jiwe ikatoka tisa nyingine, pamoja na karata mbili za ukoo wa kopa. Tisa tatu! Masikio yakamtikisika.

Fisi akasukuma kokoto mbili. Sungura akawaza, "Nikipandisha atakimbia. Acha nimfuate." Akafuata.

"Kwa bei ya kutupa namna hii, hata mimi naingia," alisema Simba.

Karata ya nne haikuleta kitu. Ya tano ikawa kopa. Simba akanguruma, akapandisha. Fisi akazitupa karata zake kwa hasira, nazo zikaanguka zimeangalia juu. Sungura akafuata, na Simba akafunua kopa zake mbili. Kopa tano! Tano za ukoo mmoja hupiga tatu za namba moja. Kokoto nane zikamtoka Sungura hivihivi anaona.

"Ulimfungulia mlango mwenyewe, kaka," alisema Kobe kwa sauti ya chini, akikusanya karata. "Kopa mbili zilikuwa zimelala pale. Ungepandisha, Mfalme asingeingia."

"Nimeona, mzee wangu," alijibu Sungura. Lakini alikuwa ameona na jambo jingine. Karata alizotupa Fisi zilikuwa mbili, tano, saba na kumi, kila moja na ukoo wake. Takataka tupu! Kumbe Fisi alikuwa akiwatisha watu kwa kicheko tu.

Kobe akagawa tena. Sungura akainua karata zake polepole: ree mbili, karata kubwa kuliko zote, na nyingine mbili za kawaida. Kwenye jiwe zikatoka ree, nane na tatu. Ree tatu! Safari hii masikio yake hayakutikisika.

Simba akazitazama karata zake kwa dharau. "Hizi si za mfalme." Akazitupa.

"Tatu!" alisema Fisi, akisukuma kokoto.

Sungura akalitazama jiwe kwanza. Hakuna karata mbili za ukoo mmoja. Hakuna zilizokaribiana hata zikafuatana. Hakuna mlango uliobaki wazi. Akashusha pumzi kama mtu anayeenda kulipa kodi. "Nafuata."

Ikatoka karata ya bibi. Fisi, aliyekuwa na bibi moja na nane moja, sasa alijiona na jozi mbili, akalamba pua. "Sita!"

"Haya," alisema Sungura kwa unyonge. "Nafuata."

Ya mwisho ikawa saba, isiyomsaidia yeyote. Fisi akasukuma nyingine sita. Sungura akajua kwamba sasa hakuna karata inayokuja kumharibia. Akazisogeza sita zake, kisha sita nyingine.

"Napandisha, mjomba."

Fisi akacheka hadi mate yakamdondoka. "Wewe? Kokoto moja imekubakia, nawe unanipandishia mimi? Naweka lundo langu lote! Ukitaka kufuata, weka hiyo moja, na zamu za wanao mpaka mvua inyeshe!"

Digidigi akafumba macho. Sungura akawakumbuka wanawe. Akazitazama ree zake mara moja tu.

"Mfalme, umesikia maneno yake?"

"Nimesikia. Neno likitoka halirudi."

"Basi nafuata."

Akazilaza ree mbili juu ya jiwe, kando ya ile ya tatu. Kicheko cha Fisi kikakatikia katikati. Fisi akaanza kukusanya kokoto kwa mikono miwili, akilia, "Kobe amekosea! Agawe upya!" Simba akaweka kucha moja tu juu ya mkia wake. Fisi akaziachia.

Sungura akajaza viganja vyake, akawaita Digidigi na Nungunungu, akawarudishia kila mmoja thelathini zake. Kisha akawapeleka wanawe kisimani, wakanywa hadi wakapiga chafya. Fisi, asiye na hata kokoto moja, alikaa mbali akilamba umande kwenye majani kila asubuhi hadi mvua ilipokuja, na kila aliyepita alimsalimia kwa upole, "Pandisha, mjomba?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu.