Kikoa cha Bi Kidawa

Kikoa cha jina moja hulisha kinywa kimoja.

Methali hiyo mmeisikia leo asubuhi kwa Bi Time, alipokukuteni mnapanga kufungua tovuti ya kuuzia keki zenu. Nyinyi mkacheka, mkadhani ni maneno ya watu wazima wasiojua mambo. Kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa Wete, nyumba ya tatu kutoka hii, na bibi yenu Riziki, Mungu amrehemu, alikuwapo iliposemwa mara ya kwanza. Kaeni vizuri.

Lakini kwanza neno lenyewe, maana siku hizi watu hutumia maneno bila kuyafungua ndani. Nilipokuwa nikisoma madarasa ya jioni, mwalimu wetu alikuwa akisema: neno usilolijua chanzo chake litakuja kukuuza. Kikoa, kwa sisi, ni ule ulaji wa zamu. Leo napika mimi, mnakula nyote. Kesho anapika mwenzangu, nakula na mimi. Hakuna anayeandika nani kapika mara ngapi. Anayekula zamu za wenziwe na yake isifike, huyo watoto humwimbia njiani mpaka ahame mtaa.

Uani kwa Bi Kidawa palikuwa na kikoa cha namna hiyo. Wanawake washona kofia walikusanyika pale kila siku baada ya kazi za asubuhi: Kidawa mwenyewe, bibi yenu, Bi Time, na wengine wawili watatu. Walishona kofia za viua. Mnaziona watu wakivaa tu, hamjui kazi yake. Kila kitundu hutobolewa kwa sindano, kikazungushiwa uzi, na kofia moja ina vitundu visivyohesabika. Kofia nzuri humaliza mwezi, na mshonaji akiugua humaliza miwili. Kidawa alikuwa na mkono ambao mtu akiiona kofia msikitini, imevaliwa na mtu asiyemjua, husema: hii ya Kidawa.

Mkono ulikuwapo, soko halikuwapo. Wachuuzi walizichukua kwa bei ya maandazi, wakaenda kuziuza mbali kwa bei ya mbuzi. Basi wakaamua nao wawe na tovuti yao, wauze wenyewe. Wakamwita kijana mmoja fundi wa mambo hayo kutoka Unguja. Akaja na viatu vinavyong'aa, akataja bei yake. Bi Time akamuuliza, "Baba, hiyo tovuti tutaihamia na watoto wetu, au ni ya kutazama tu?" Kijana akaondoka na chai hakumaliza.

Ndipo akaja Faki, mtoto wa kaka yake Kidawa. Mama yake alikufa mapema, naye Faki akakulia uani pale. Alikula zamu ya kila mmoja wao, tangu hajui kutenganisha samaki na mwiba. Alikuwa amemaliza mafunzo ya kompyuta na mikono haina kazi.

"Shangazi," alisema, "yule alitaka kukujengeeni ghorofa. Nyinyi mnahitaji kibanda safi. Ukurasa mmoja, picha nzuri, bei, namba ya simu, basi. Vya kujengea nitapata vya bure. Picha nitapiga kwa simu yangu. Cha kulipia ni kikoa tu."

Wanawake waliangua kicheko. "Kikoa kinalipiwa tangu lini?" Riziki akauliza. "Kikoa hupikwa."

Faki naye akacheka. Akawaeleza kwamba katika mambo ya mtandao, kikoa ni lile jina ambalo watu huliandika ili wakufikie. Ndivyo wataalamu walivyolitafsiri. Hulipiwa kila mwaka, na lazima liandikishwe kwa jina la mtu.

"Na zamu yake?" Kidawa akauliza.

"Zamu niachieni mimi, shangazi. Msijisumbue."

Hapo ndipo pa kusikiliza. Kwa Faki, yale yalikuwa maneno ya kumalizia mazungumzo. Kwa wale wanawake yalikuwa ahadi. Walisikia neno kikoa, wakasikia neno zamu, na masikio yao yakaenda mahali yalipozoea kwenda. Walielewa kwamba mwaka huu Faki ndiye mpishi, kwa hiyo chungu kiko mkononi mwake. Mwaka ujao kitakwenda kwa mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kuuliza zaidi. Nani humwuliza mpishi wa leo kama kesho atakubali kuachia mwiko?

Sitamnyima Faki haki yake: kazi aliifanya vizuri. Alitandika shuka jeupe uani, akangoja jua la asubuhi lisilo kali, akazipiga picha kofia moja moja. Hakutia maua yanayorukaruka wala muziki. Juu kabisa aliweka picha ya mikono ya Kidawa ikishona, na lile kovu lake la kuungua na mafuta likionekana kwenye kidole gumba. Chini akaandika: Mkono wa Kidawa, kofia za viua kutoka Pemba. Hilo ndilo lilikuwa jina, na ndilo aliloliandikisha.

Maagizo yakaja. Kwanza Dar es Salaam, kisha Moroni, kisha Maskati. Bi Time akaezua makuti akaezeka mabati. Bibi yenu alininunulia miwani hii niliyovaa, nami nikaanza tena kusoma usiku. Kidawa hakununua kitu kikubwa. Furaha yake ilikuwa kwamba watu wa mbali walilitaja jina lake kwa usahihi. Maana huyu hakuwa na mtoto, na mume alimwacha kwa sababu hiyo. Jina lake lilikuwa kwenye kofia, mahali pengine halikuwapo.

Mwaka wa pili maagizo yakapungua. Faki akisema, "Soko limelala." Lakini yeye mwenyewe alifungua duka barabarani, na hakuonekana kama mtu ambaye soko lake limelala. Hata hivyo chakula cha uani hakukiacha. Siku akijisikia, alikuja, akanawa, akakaa kwenye sinia pamoja na shangazi zake.

Siku moja akaja mgeni kutoka Moroni, bwana mmoja mtu wa adabu, aliyekuja kuoza binti kwa jamaa zake wa hapa. Aliulizia nyumba ya Kidawa mpaka akafika. Akatoa kofia kwenye mfuko, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha msiba.

"Bibi," alisema, "nilimnunulia bwana harusi. Alipoivaa mara ya kwanza uzi ukafumuka mbele za watu. Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza tu, kulikoni?"

Kidawa aliigeuza ndani, akaigeuza nje. Ilikuwa ya mashine, ya kiwandani, viua vimechapwa kama muhuri. Mgeni akafungua simu, akamwonyesha alikoinunua.

"Hii mikono ni yako?"

"Yangu."

"Na hii kofia?"

"Si yangu, baba."

Yule bwana alimtazama mkono, akaitazama picha, akaliona kovu. Akasema, "Haya, bibi." Akaaga. Bibi yenu alisema kwamba ile "haya" ilimwuma Kidawa kuliko tusi, kwa sababu ilikuwa ya mtu asiyeamini lakini anaheshimu mvi.

Kidawa hakumfuata Faki dukani. Alingoja aje mwenyewe. Alikuja siku ambayo zamu ya kupika ilikuwa ya Kidawa, akakuta wali na mchuzi wa pweza wa nazi, chakula alichokipenda tangu udogo. Akakaa, akala. Kidawa akaiweka ile kofia kando ya sinia.

"Hii umeitoa wapi?"

Faki aliitazama bila kuacha kutafuna. "Ah, shangazi. Hizo naagiza. Nyinyi mnatoa kofia moja, dunia inataka mia. Mteja hangoji mwezi siku hizi."

"Unaziuza kwa mkono wangu."

"Naziuza kwenye tovuti."

"Basi mwaka huu zamu yangu," alisema Kidawa. "Kikoa kije kwangu. Nitakilipia mimi, na nitakipika ninavyojua."

Faki akacheka, na bibi yenu alisema hakikuwa kicheko cha ubaya, ndiyo maana kilikuwa kibaya zaidi. "Shangazi, kikoa cha kompyuta hakina zamu. Kina jina."

"Jina la nani?"

"Langu. Si uliniachia mwenyewe?"

"Nilikuachia upike," Kidawa akasema. "Sikukuachia ule."

Bi Time akadakia, "Hata kunguru, Faki, akila uani kwa mtu haondoki na paa!"

"Bi Time, usinitukane, mimi sikuiba. Nendeni kaulizeni popote. Na msinione mbaya. Nitakupeni kazi. Nitaleta kofia za mashine, nyinyi mtazitilia mstari mmoja wa mkono pembeni, nami nitakulipeni kwa kila moja. Mtakaa hapa hapa uani. Mtapata nini zaidi?"

Kidawa akasema jambo ambalo wenziwe hawakulitarajia. "Sina haja na kazi yako. Nina haja moja. Niondolee mikono yangu humo."

"Ile picha?"

"Mikono yangu. Jina kaa nalo, kama sheria imekupa. Mikono niondolee."

"Haiwezekani, shangazi. Ile picha ndiyo inayouza." Akatia mkono kwenye sinia, akachukua tonge jingine.

Hapo Kidawa akasimama, akajifuta mikono kwa kanga, akasema: "Kula, baba. Kula umalize. Kikoa cha jina moja hulisha kinywa kimoja."

Wengine nao wakasimama, mmoja baada ya mwingine. Faki akabaki na sinia peke yake. Na alikula, wanangu. Msidhani aliona haya akaacha. Alikula akashiba, akanawa, akaenda zake.

Walikwenda kuuliza, kama alivyowaambia. Niliwasindikiza mimi kwa sababu nilijua kusoma maandishi ya ofisini. Bwana mmoja mpole, kwenye ofisi ya kuandikisha majina ya mtandao, alitusikiliza mpaka mwisho, akatazama kwenye kompyuta yake, akasema, "Bibi, sisi hatutazami nani kashona. Tunatazama nani kaandikishwa." Akatuelekeza kwa wakili. Wakili alitutajia gharama zake, tukamshukuru, tukarudi nyumbani.

Wakatengeneza tovuti nyingine kwa jina jingine. Hii ya sasa waliiandikisha kwa jina la kikundi, na funguo zake wakazijua wote, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Lakini Faki alikuwa ameshatangulia. Juu ya ile picha ya mikono aliongeza maneno: Jihadharini na kofia za bandia. Bibi yenu alipomwandikia mteja wa zamani wa Maskati kumweleza ukweli, jibu lilikuwa fupi: "Tumeshaonywa juu yenu." Mwenye mkono akawa ndiye mwizi wa mkono.

Sumu ile ikarudi mpaka hapa mjini. Familia moja iliyomwagiza Kidawa kofia ya bwana harusi iliirudisha bila kuivaa. Hawakusema sababu. Walisema tu wamepata nyingine.

Na kikoa cha uani? Wawili walikubali kazi ya Faki. Msiwalaumu, walikuwa na watoto. Lakini mtu hawezi kushona mstari wa Faki asubuhi kisha mchana akale na Kidawa. Wakaanza kuja kwa kuchelewa, kisha wakawa na udhuru, kisha hawakuja. Bibi yenu na Bi Time walishikilia kwa muda, mpaka Kidawa mwenyewe alipowaambia wasije tena. Alikuwa ameacha kushona. Alisema kila akishika sindano anaona anampigia Faki tangazo.

Bi Time ndiye aliyeyabeba yale maneno. Aliyasema harusini, akayasema sokoni, akayasema kwenye kisomo Faki akiwa anasikia. Watu wakayapenda kwa sababu yana mdundo mzuri. Wengi wanaoyasema leo hawajui yalitoka kwenye kinywa kipi, wala kwamba aliyeyasema alikuwa na njaa alipoyasema, maana siku ile hakula.

Kidawa alifariki mwaka juzi, mwezi wa mfungo sita. Faki alikuja maziko. Alibeba jeneza, tena mbele, kwa haki ya damu. Hakuna aliyemzuia. Baada ya maziko tukamwendea wanaume watatu, tukamwambia, sasa marehemu keshazikwa, itoe ile picha. Akasema atalitazama.

Fungueni simu zenu. Andikeni jina lile, herufi kwa herufi. Mnaona? Ndiyo hiyo mikono, na kovu lake. Bado inashona. Someni na maneno ya chini: "Bi Kidawa anakukaribisha. Agiza leo." Yuko kaburini, na kuna mtu leo hii, mahali fulani, anamwagiza kofia. Fedha inafika, na anayekula mnamjua.

Haya, nendeni kafungueni tovuti yenu ya keki. Mkiulizwa iandikwe kwa jina la nani, msione haya kugombana siku hiyo. Kikoa cha jina moja hulisha kinywa kimoja.