Pole Iliyotolewa Migombani

Moto wa mdomo hauzimwi kwa mate. Mliisikia jana kikaoni, mkacheka, na leo mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na mwanzo wake hauchekeshi.

Palikuwa na mtu akiitwa Elinami, mtangazaji wa redio ya mji wetu hapa Upareni. Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo. Mimi nilikuwa fundi mitambo. Miaka tisa nilimfungulia kipaza sauti kila asubuhi, na hilo sijajisamehe.

Alikuwa na sauti nzuri, wakampa nusu saa ya kuzungumzia mila. Mwanzoni alisema mambo ya haki: alikemea walevi, alikemea wanaume wanaotelekeza watoto. Kisha akagundua kwamba siku akiwasema wanawake vibaya, simu za wasikilizaji hazikatiki. Basi walevi akawaacha. Akawageukia wajane wanaodai mashamba na wasichana wanaovaa suruali. Nusu ya mji ilimwita mtetezi wa mila, nusu ilizima redio akianza tu kukohoa. Ndugu wa tumbo moja waliacha kusalimiana kwa ajili yake. Wagombea udiwani walimnyenyekea kama chifu.

Binamu yangu Naetwe alikuwa na darasa katika ghala la zamani la tangawizi. Aliwafundisha wasichana waliozaa wakaacha shule, ili warudie mtihani. Elinami hakuwahi kukanyaga pale hata siku moja. Lakini asubuhi moja alisema hewani, "Mle ghalani binti zenu wanafundishwa kudharau waume. Nyoka akiingia nyumbani, mwanamume hasubiri kuambiwa la kufanya."

Siku ya tatu, mchana kweupe, wanaume saba walilitia ghala moto. Eliwaza, msichana wa miaka kumi na saba, alirudi ndani kumtoa mwanawe aliyekuwa amelala. Mtoto alipona. Mikono ya mama iliungua mpaka vidole vikashikana.

Kesho yake Elinami alicheka redioni. "Mimi sikumpa mtu kiberiti," alisema.

Picha ya Eliwaza ilipotoka gazetini, wafanyabiashara wakaanza kuondoa matangazo yao. Hapo ndipo Elinami aliponiomba nimpeleke kwa Naetwe. Hakutaka kupita barabarani. Tulipita migombani, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, tukamkuta Naetwe nyuma ya nyumba anafua mashuka ya Eliwaza.

"Dada Naetwe," alisema kwa sauti ya chini, "nimekuja kukupa pole. Nilivuka mpaka. Roho inaniuma."

Naetwe hakuinuka. "Haya unayoniambia, kesho utayasema redioni?"

"Haya ni yetu sisi wawili, dada. Redio ina wasikilizaji wake."

"Na hao wasikilizaji wako ndio waliokuja na petroli."

"Nikisema nilikosea, nani atanisikiliza tena?"

Naetwe alisimama, povu likimchuruzika mikononi. "Ulipowasha, uliwasha kwa mdomo, milima yote ikasikia. Leo unakuja kuzima kwa mate, huku migombani, tusikie mimi na huyu! Moto wa mdomo hauzimwi kwa mate, Elinami. Toka kwangu."

Kesho yake nilimwambia Elinami, "Omba radhi hewani, au kipaza sauti sifungui." Alimwita mwenye redio. Nilifukuzwa kazi kabla chai haijapoa, na mtu mwingine akakaa kwenye kiti changu.

Wachomaji wawili walifungwa. Elinami hakuulizwa hata na mgambo. Alichukuliwa na redio kubwa ya jijini, akapata wasikilizaji mara kumi zaidi, akazeeka kwa heshima. Siku ya mazishi yake mchungaji alisema tumempoteza mtu wa ukweli. Nilikuwepo. Nilitoka nje katikati ya mahubiri, na wanawake wa sokoni wakatoka nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine, tukasimama juani mpaka jeneza likapita.

Maneno ya Naetwe niliyapeleka sokoni mimi mwenyewe, kwa sababu redio nilikuwa nimenyang'anywa. Kutoka sokoni yalifika visimani, na kutoka visimani yakafika kwenye vikao vya wazee, na sasa yamewafikia nyinyi. Mkiyasema, msicheke. Eliwaza yu hai, na mpaka leo anavalishwa nguo na mwanawe.

Moto wa mdomo hauzimwi kwa mate.